Alice Werner na kitabu kidogo cha Mwana Kupona

Mwanafunzi wa fakulte yetu anayeanza somo la tendi za kale hukutana na Mwana Kupona katika siku za kwanza kabisa. Jina la Alice Werner hulisikia baadaye, kama akilisikia, na mara nyingi limebanwa katika orodha ya vitabu mwishoni mwa kozi. Hilo halishangazi, kwa kuwa heshima ya kwanza ni ya mtunzi. Lakini utendi tunaousoma Lubumbashi haukututokea moja kwa moja mkononi mwa mama wa Siyu. Ulipita mikononi mwa mwanamke wa Ulaya ambaye hakuolewa maisha yake yote. Aliutoa mara mbili, na mara ya pili aliutoa kama kitabu chembamba ambacho jina lake la Kiingereza linasema kuwa ni mawaidha ya Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Jina hilo limefanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Ndiyo maana naona maisha ya aliyelitia chapani yanastahili kurasa chache katika jarida letu.

Alice Werner alizaliwa Trieste tarehe 26 Juni 1859. Trieste ni mji wa bandari ambao leo uko Italia, na wakati ule ulikuwa chini ya Austria. Baba yake, Reinhardt Joseph Werner, alitoka Mainz katika nchi ya Ujerumani na kazi yake ilikuwa kufundisha lugha. Mama yake aliitwa Harriett. Watoto walikuwa saba. Familia hiyo haikukaa mahali pamoja: iliishi New Zealand, Mexico, Marekani na nchi kadhaa za Ulaya, na mwaka wa 1874 tu ndipo ikatulia Tonbridge, kusini mwa Uingereza. Alice alikuwa na miaka kumi na mitano. Mtoto wa Lubumbashi anayesikia Kibemba au Kiluba kwa nyanya yake, Kiswahili barabarani na Kifaransa shuleni anaweza kuelewa bila maelezo mengi mtu wa namna hiyo anavyozoea kusikiliza lugha kabla ya kuihukumu.

Alisoma Ujerumani, halafu Newnham College huko Cambridge kati ya 1878 na 1880. Siku zile wanawake waliruhusiwa kukaa darasani Cambridge lakini hawakupewa digrii; chuo hicho kilisubiri hadi mwaka wa 1948 kuwapa. Alitoka akafundisha, akaandika mashairi, hadithi na makala za magazeti. Kama angeishia hapo, asingekumbukwa na mtu upande huu wa dunia.

Mwaka wa 1893 alikwenda Nyasaland, Malawi ya leo, akakaa Blantyre na sehemu za jirani, akajifunza Kinyanja. Kutoka huko alishuka hadi Natal, akajifunza Kizulu, akafahamiana na familia ya Colenso, ambayo Wazungu wenzao wa Natal hawakuipenda kwa sababu iliwatetea Wazulu mbele ya serikali. Urafiki huo ulimpa tabia moja iliyoonekana katika maandishi yake ya baadaye: aliona kuwa Mwafrika anapozungumza juu ya nchi yake, kwanza anyamaziwe asikilizwe. Alirudi Uingereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa akifundisha lugha za Kiafrika King's College, London. Mwaka wa 1906 alitoa kitabu kikubwa juu ya watu wa Afrika ya Kati ya Waingereza, yaani nchi ile ile ya Nyasaland.

Mpaka hapo Kiswahili kilikuwa kwake lugha moja kati ya nyingi. Mambo yalibadilika kati ya 1911 na 1913, alipopata msaada wa fedha za safari akaenda pwani ya Afrika ya Mashariki. Alikuwa amevuka miaka hamsini. Alipita Mombasa, akakaa kwa Wapokomo wa Mto Tana akiandika ngano zao, akafika Lamu. Lamu ndiko maisha yake yalikogeukia.

Mji huo ulikuwa na watu waliojua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla Mzungu yeyote hajabuni tahajia yake ya kilatini. Tendi zilinakiliwa kwa mkono, zikasomwa kwa sauti nyumbani, zikaazimwa, zikaoza kwa unyevunyevu na kunakiliwa tena. Kati ya waliofanya kazi hiyo alikuwamo Muhamadi Kijuma, mshairi, mchonga milango na mwandishi mwenye mkono mzuri sana, ambaye alinakili miswada mingi kwa ajili ya wasomi wa Ulaya na akalipwa kwa kazi hiyo. Werner alijifunza kwake. Alijifunza pia kwa wengine, na habari alizoandikiwa huko juu ya watawala wa Pate alizitoa London baada ya kurudi, Kiswahili pamoja na tafsiri. Na huko Lamu alikutana na utendi ambao wanawake wa mji waliujua sana, baadhi yao kwa moyo.

Hapa inabidi tumwache Bi Werner kidogo tumtazame mtunzi, kwa maana bila yeye hadithi hii haina kiini.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio katika kisiwa hicho hicho, akawa mke wake wa mwisho. Siyu ulikuwa mji wa mafundi wa ngozi, wa maseremala na wa wanakili wa Kurani, na ulikuwa mji mkaidi. Sayyid Said wa Zanzibar alipeleka majeshi kuutiisha, na mwaka wa 1845 watu wa Siyu wakayapiga vibaya hata amiri wake akauawa. Bwana Mataka alifariki mwaka wa 1856. Mjane aliachwa na watoto wawili, binti Mwana Hashima na mwana Muhammad, ambaye baadaye naye alishindana na Sultani Majid, akakamatwa na kufungwa ngomeni Mombasa. Mwaka wa 1858, miaka miwili baada ya kufiwa, Mwana Kupona akiwa mgonjwa alimtungia binti yake utendi. Binti alikuwa na miaka kama kumi na saba. Mama aliishi miaka michache zaidi, akafa karibu na mwaka wa 1865.

Utendi wenyewe una beti zipatazo mia moja. Unaanza kwa mama kumwita binti akae karibu na kuchukua karatasi na wino, maana ana neno la kumwachia. Kisha anamwambia ashike dini, awe na adabu, awe mkweli, awe mtu anayependeza popote anapoingia, asijibizane na wapumbavu. Halafu yanakuja mambo ya mume: radhi yake mbele ya Mungu, namna ya kumpepea alalapo na kutomwamsha, namna ya kumpa chakula aamkapo, kumnyoa, kumfukiza udi asubuhi na jioni, kumtunza kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Mke asitoke bila ruhusa, na akiwa njiani asifunue mavazi yake. Baada ya hayo mama anakumbuka ndoa yake mwenyewe, jinsi walivyoishi bila ugomvi na jinsi mume alivyomfia akiwa radhi naye. Anaeleza pia kuwa hatungi kwa sababu yeye ni malenga, bali ana kijana asiyejua dunia na anataka kumuusia. Na mwishoni anasali: anawaombea watoto, ndugu na Waislamu wote, na anaomba kuponywa ugonjwa wake. Sala hiyo ni ndefu. Anayeisoma polepole anasikia mtu anayejua kwamba siku zake si nyingi.

Utendi huu una doa ambalo halifutiki kwa kunyamaza: Mwana Kupona anamwonya binti asizoeane na watumwa isipokuwa katika saa za kazi. Nyumba anayoifundisha kuitunza ni nyumba yenye watumwa. Udi, mkeka, chakula kinachoandaliwa mume akiamka, nyuma ya vyote hivyo kuna mikono ambayo utendi hauitaji kwa majina. Wanaomsifu mama huyu kwa upole wake tu, na wanaomlaumu kwa unyenyekevu wake tu, wote wanapita mbio juu ya beti hizo.

Sasa turudi London. Mwaka wa 1917 Werner aliuchapa utendi kwa mara ya kwanza, katika juzuu ya kwanza ya mfululizo wa masomo ya Kiafrika wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani. Ilikuwa kazi ya kisomi: maneno yamepangwa, tafsiri ipo, maelezo ya msamiati yapo. Jina alilolitumia lilikuwa lile lile la pwani, utendi wa Mwana Kupona, bila nyongeza. Naomba msomaji akumbuke jambo hili.

Mwaka huo huo shule mpya ya masomo ya Mashariki ilifungua milango London, na Werner akaingia kama mwalimu. Alipanda hadi kuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu, cheo ambacho wanawake wachache sana wa zama zile walikifikia, akakishika mpaka kustaafu karibu na mwaka wa 1930. Dada yake Mary alifundisha pamoja naye, na wawili hao walitoa kitabu cha kuanzia Kiswahili mwaka wa 1927. Wanafunzi wao wengi walikuwa maofisa wa serikali na wamisionari waliojiandaa kwenda Afrika. Walihitaji Kiswahili cha kutoa amri, cha kuhubiri na cha kuendesha kesi. Mashairi hayakuwa katika mahitaji yao.

Werner aliwapa walichohitaji, lakini hakuacha mashairi. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Kwa miaka karibu ishirini alirudia jambo lile lile katika jarida la shule yake, katika jarida la jumuiya ya Kiafrika ya London, na mwaka wa 1928 katika jarida jipya lililoitwa Africa: kwamba Waswahili wana fasihi iliyoandikwa, yenye mizani na vina, yenye watunzi wanaojulikana kwa majina. Alichapa Utendi wa Ayubu. Leo jambo hilo ni la kawaida kwetu hata linachosha. Wakati ule Mzungu aliyelisema alionekana kama mtu anayetia chumvi. Wasomaji wake walijua ngano za sungura na fisi, basi.

Tukumbuke pia miaka ile ilikuwa miaka ya kusanifisha. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi mwaka wa 1930 kwa kutegemea Kiunguja, na lahaja za kaskazini, za Lamu na Pate, zikabaki pembeni. Utendi wa Mwana Kupona umo katika lugha hizo za pembeni. Kuuchapa wakati huo kulikuwa kuwakumbusha watu kwamba Kiswahili kilikuwa na makao ya zamani kuliko ofisi ya kamati. Sisi tunaozungumza Kiswahili cha Katanga, ambacho walimu wengi wa sanifu hukisikia kama kosa moja refu, tunaweza kulipima jambo hilo kwa mizani yetu.

Kutoka hapo tunafika kwenye kitabu kidogo. Alikuwapo Mwingereza mmoja, William Hichens, aliyewahi kufanya kazi ya serikali Afrika ya Mashariki, mpenzi mkubwa wa miswada ya Kiswahili. Aliporudi kwao alikaa Medstead, kijiji cha Hampshire, akaanzisha uchapaji mdogo alioupa jina la kale la pwani yetu: Azania Press. Mpango wake ulikuwa kutoa mfululizo wa vitabu vidogo vya fasihi bora ya Azania. Cha kwanza kilitoka mwaka wa 1932, hadithi ya Miqdadi na Mayasa, kazi ya Werner. Cha pili kilitoka mwaka wa 1934, na ndicho cha Mwana Kupona, chenye majina ya Werner na Hichens kwa pamoja. Werner alikuwa na miaka sabini na mitano.

Kitabu cha namna hii hakiuzwi kama kamusi inavyouzwa. Ni kitabu cha kushika mkononi, cha kupewa rafiki, cha kuwekwa mezani ili mgeni akione. Kina utendi, tafsiri, dibaji na maelezo, lakini mtu anaweza kukifurahia bila kujua neno moja la Kiswahili. Na wakati ule Uingereza ilikuwa na wasomaji waliozoea vitabu vya mawaidha ya nyumbani kutoka zamani na mbali. Mwaka wa 1928 mwanahistoria Eileen Power, naye mwalimu wa London, alikuwa ametafsiri kwa Kiingereza Le Ménagier de Paris, kitabu ambacho tajiri mmoja wa Paris alimwandikia mke wake wa miaka kumi na mitano karibu na mwaka wa 1393. Waliosoma Kifaransa cha kale wanakifahamu: sala, hadithi za wake wema, namna ya kuajiri watumishi, kupanda bustani, kufukuza viroboto, na mapishi mengi. Kabla yake, mnamo 1371, sharifu mmoja wa Anjou, mwenyeji wa La Tour Landry, alikuwa ameandikia binti zake kitabu cha maonyo, na William Caxton akakichapa kwa Kiingereza mwaka wa 1484, miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa kupigwa chapa Uingereza. Mawaidha kwa wanawake yalianza kuuzwa pamoja na mashine yenyewe.

Ukiweka kitabu cha Paris na cha Siyu pamoja utaona mambo ya kufurahisha. Mume wa Paris anataka arudipo avuliwe viatu mbele ya moto mkubwa, aoshwe miguu, apewe soksi safi. Mume wa Siyu anapepewa. Baridi na joto zimeandika ubeti mmoja kwa namna mbili. Lakini tofauti iliyo nzito ni nani anayesema. Paris anasema mume, naye anasema wazi kwamba mafundisho yake yatamfaa mke hata kwa mume atakayemfuata yeye akifa. La Tour Landry anasema baba. Siyu anasema mama, mjane na mgonjwa, na mume anayemtaja ameshazikwa. Maneno juu ya utii hayawezi kuwa na sauti moja katika vinywa hivyo vitatu.

Hapo ndipo jina la kitabu cha 1934 linaponisumbua. Kusema mawaidha juu ya wajibu wa mke ni kuchukua sehemu isiyofika nusu ya utendi na kuiandika juu ya mlango wa nyumba yote. Dini, adabu, kumbukumbu za ndoa, sala ya mgonjwa, vyote vinaingia ndani kama wageni wa wajibu huo. Sijui kama jina lilitoka kwa Werner au kwa Hichens, na halina mtindo wa Werner wa mwaka wa 1917, lakini majina yao wawili ndiyo yaliyosimama chini yake. Kama biashara, jina lilikuwa zuri. Mnunuzi wa Hampshire alielewa mara moja anapewa nini: mama wa kale wa Mashariki akifundisha utii. Kitabu cha sala ya mjane anayekufa kingekuwa kigumu kumpa rafiki kwa sikukuu.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hata Mwana Kupona hakutaka maneno yake yabaki chumbani. Ni kweli. Karibu na mwisho anawageukia wanawake wote, anawataka wasome na waelewe maana ili wasije wakabeba lawama mbele ya Mungu. Yeye mwenyewe alifungua mlango. Kwa hiyo sisemi kuwa Werner aliiba barua ya siri. Nasema kwamba mama aliwaita wanawake wasome kwa ajili ya akhera yao, naye mchapaji wa Medstead aliwapa wasomaji wengine kabisa kwa ajili ya starehe yao, na katika kuhama huko uzito wa utendi ulisogea upande mmoja.

Na uzito uliosogea haukurudi kwa urahisi. Tangu hapo wengi waliouandikia utendi huu waliingia kwa mlango wa mume: wengine wakiutukuza kama kioo cha mke mwema, wengine wakiukataa kama minyororo. Mwaka wa 1991 msomi wa Kimarekani Ann Biersteker alitaka usomwe upya, kwa kutazama nguvu iliyomo katika lugha ya mtunzi. Mtu amtunzaye mumewe kama mtoto asiyejua kusema, je, ni nani mkubwa katika nyumba hiyo? Darasani swali hilo huleta kelele, na nimeona wavulana ndio wanaopiga kelele zaidi.

Hapa Katanga tuna sababu yetu ya kujali nani anachapa mawaidha na kwa ajili ya nani. Katika miaka ile ile ambayo kitabu cha Werner kilikuwa kipya, na zaidi baada ya vita vya pili, Union Minière ilikuwa ikijenga maisha ya wafanyakazi wake ndani ya kambi. Katika foyer social wake za wafanyakazi walifundishwa na watawa na mabibi wa Kizungu kushona, kufua, kupika na kuosha watoto. Mawaidha hayo yalikuwa na faida, na nyanya wengi wa mji huu bado wanajivunia cherehani walizojifunzia huko. Lakini kusudi lake lilikuwa la kampuni: mfanyakazi ashibe, awe safi, asikimbie kazi. Nyumbani, mawaidha ya bibi harusi yaliendelea kwa mdomo, mlango umefungwa, shangazi na nyanya wakisema mambo ambayo hakuna mtawa angeyatia katika daftari. Aina hizo mbili zilikaa katika nyumba moja bila kusomana. Utendi wa Siyu ni wa aina ya pili, nao ulivishwa nguo za aina ya kwanza.

Werner hakupata muda wa kuona matunda ya kitabu chake. Mwaka wa 1933, kabla ya utendi kutoka, alikuwa ametoa kitabu chake kikubwa juu ya visasili na masimulizi ya Wabantu, ambacho hadi leo kinachapwa upya na watu wasiojua kuwa mwandishi wake alisoma Kiswahili kwa wachongaji na wanakili wa Lamu. Serikali ya Uingereza ilikuwa imempa nishani ya CBE mwaka wa 1931. Alifariki Welwyn Garden City tarehe 9 Juni 1935, akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka sabini na sita. Hichens aliendelea peke yake na miswada, na mwaka wa 1939 akatoa Al-Inkishafi, safari hii kwa mchapaji mwingine wa London.

Utendi nao uliendelea na safari yake. J. W. T. Allen aliutia katika mkusanyo wake wa tendi mwaka wa 1971. Mwaka uliofuata ukatoka Nairobi, kwa Heinemann, katika kitabu kingine kidogo kilichotayarishwa na Amina Abubakar Sheikh pamoja na Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu. Kitabu hicho kimeuweka pamoja na utendi wa ngamia na paa, na jalada lake linautaja kwa jina la mama tu. Neno la wajibu wa mke halimo. Ni kitabu cha bei ya mwanafunzi, si cha kuwekea wageni mezani, na Kiswahili chake hakina Kiingereza upande wa pili.

Karatasi za Werner na za Hichens ziko London, katika maktaba ya shule aliyoifundishia, ambayo sasa inaitwa SOAS. Kati ya kurasa hizo imo miswada ya tendi iliyoandikwa kwa mkono wa Kijuma, kwa wino mweusi na mwekundu, mistari yake imenyooka kama ilivyochongwa milango yake. Wino na karatasi ndivyo vitu ambavyo Mwana Kupona alimwambia binti yake avilete kabla ya neno lingine lolote.